Umetajiwa bei moja, umekatwa nyingine: upige simu, uende dukani, uandike, au uende TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano?

Kutoka Tanga mjini hadi mpaka wa Horohoro ni kilomita 65 hivi, lami tupu. Ukiondoka Ngamiani alfajiri, mchana uko Likoni unasubiri feri. Ndiyo maana watu wetu wengi hawaihesabu Mombasa kama safari ya nje. Wanakwenda harusini, hospitali, mazikoni, kufuata mzigo wa duka. Laini inabaki ile ile ya nyumbani, na kabla ya kuvuka mtu mwangalifu anapiga huduma kwa wateja: nikiwa Kenya, data ni bei gani? Anatajiwa bei, anavuka, na kabla hata ya kufika ukumbini salio limeshaliwa kwa bei nyingine kabisa.

Mimi ni wakala, kibanda changu kiko Makorora, na ugomvi huu huletwa kwangu kana kwamba kampuni ni yangu. Siwezi kumrudishia mtu hata shilingi. Ila nimeona njia wanazopita wakitoka hapa, na nimeona wanaorudi na pesa zao na wanaorudi na hasira tu. Njia zenyewe hazilingani hata kidogo, na wengi huanza na ile iliyo dhaifu kuliko zote kwa sababu ndiyo iliyo karibu na kidole.

Kwanza ujue umekosewa wapi

Kabla ya kuchagua njia, tafuta kosa lenyewe liko wapi, maana kuna linalodaika kirahisi na kuna lisilodaika.

La kwanza ni la kipimo. Mhudumu anasema "shilingi kumi" bila kumalizia kama ni kwa MB au kwa KB. Chukua mfano wa bei hiyo: video ya WhatsApp ya MB 5 ingekuwa shilingi 50 kwa hesabu ya MB. Kwa hesabu ya KB ni shilingi 51,200, maana MB moja ni KB 1,024. Video ni ile ile. Wala usidhani ni uzembe wa huku kwetu peke yake. Mwaka 2006 mteja mmoja wa Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, aliambiwa kwamba data akiwa Canada ni senti 0.002 kwa kilobaiti, yaani KB. Alitumia kilobaiti 35,893, kwa hiyo alitarajia kulipa kama senti 72. Ankara ikaja dola 71.79, kwa sababu mfumo ulikuwa ukikokotoa dola 0.002, siyo senti. Alipopiga simu, wahudumu na wasimamizi wao walimsomea "senti" kisha wakakokotoa kwa dola, wakashikilia kwamba hakuna tofauti. Mazungumzo hayo aliyarekodi, yakasambaa mtandaoni dunia nzima. Kinachonifundisha kisa hicho ni kimoja: anayepokea simu anaweza kuwa haelewi kabisa unacholalamikia, na hapo kumpandishia sauti hakumwongezei uelewa.

La pili ni la mtandao mwenyeji. Bando la nje mara nyingi hufanya kazi kwenye mtandao ule tu ambao kampuni yako ina mkataba nao upande wa pili. Simu yako ikijichagulia mtandao mwingine, bando linabaki halijaguswa na salio la kawaida ndilo linaloliwa. Kama mhudumu hakukuambia uchague mtandao gani, una hoja. Kama ilikuwa imeandikwa kwenye meseji ya bando na hukuisoma, hoja yako imepungua nusu.

La tatu ni la kupokea simu. Huku nyumbani kupokea ni bure, na mtu haulizi kitu asichojua kwamba kipo. Akiwa nje anaweza kukatwa kwa kupokea. Ukiuliza "kupiga ni bei gani" ukajibiwa bei ya kupiga, kampuni itasema ilikujibu ulichouliza, na kusema kweli itakuwa haijadanganya.

Kuna pia la kodi, yaani umetajiwa bei kabla ya VAT ya asilimia 18. Hilo huwa dogo; likiwa ndilo peke yake, wengi huliacha, na siwalaumu.

Na usijipe moyo kwamba Afrika Mashariki ni moja. Mpango wa Eneo Moja la Mtandao, wa kushusha bei za simu kati ya nchi hizi, ulioanza mwaka 2014 ulianza na Kenya, Uganda na Rwanda, tena ulihusu hasa simu za sauti. Wazee wa kazi hii wanakumbuka kampuni ya simu ya Celtel ilipoziunganisha Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2006, mteja wake akiwa Nairobi akapiga kwa bei ya wenyeji wa huko. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayowaponza baadhi ya watu leo. Uliza bei ya laini yako, ya mwezi huu.

Simu au dukani?

Simu ya huduma kwa wateja ni bure ukiwa nyumbani, na ina faida moja kubwa: inazuia hasara isiendelee. Ukiona salio linayeyuka, piga, waambie wazime huduma ya rominga, yaani ya kutumia laini kwenye mtandao wa nje, hapo hapo. Ila ukiwa bado Mombasa, namba fupi unayoizoea inaweza isikufikishe kwa watu wako. Inabidi upige ile namba ndefu inayoanza na +255, na simu hiyo yenyewe inaweza kukatwa kwa bei ya nje. Iandike kabla ya kuvuka. Kama huna, zima data kwenye simu kwanza, mengine yatafuata.

Kwa kudai pesa, simu ni dhaifu. Kila ukipiga unapata mtu mpya, unaanza hadithi upya, na kila mmoja anakuahidi kwamba "suala lako limepelekwa kitengo husika". Ukikata simu huna karatasi yoyote mkononi. Kwa hiyo itumie kwa vitu viwili tu: upewe namba ya malalamiko, na uombe bei uliyotajiwa itumwe kwa meseji. Hili la meseji watu wanalidharau. Mhudumu akikataa kukuandikia bei aliyoitaja kwa mdomo, umeshajua bei hiyo haiaminiki hata kwake.

Dukani ni bora kwa jambo moja ambalo simu haiwezi: mchanganuo. Yaani orodha ya lini data ilitumika, kiasi gani, kwenye mtandao upi, na umekatwa shilingi ngapi kila mara. Bila mchanganuo unagombana gizani.

Nilimsindikiza mama mmoja, jirani, aliyetoka harusini Mombasa. Binti wa kaunta alimwamkia vizuri, akaingiza namba, akaigeuza skrini kidogo.

"Mama, mfumo unaonyesha umetumia."

"Mwanangu, sijakataa kutumia. Nimetumia. Nakataa bei."

"Lakini mama, mfumo ndiyo unaokata."

"Na aliyenitajia bei ni mfumo au ni mtu?"

Binti akanyamaza, akaenda kumwita msimamizi. Mama hakurudishiwa kitu siku hiyo, lakini alitoka na mchanganuo uliopigwa muhuri, na huo ndio uliofanya kazi baadaye. Maneno yake ya "sijakataa kutumia, nakataa bei" nimeyaazima tangu siku hiyo. Kila anayekuja kibandani nampa. Kampuni imezoea watu wanaosema "sijatumia chochote". Kwa hao jibu liko tayari kwenye skrini. Kwa anayekataa bei, skrini haina jibu.

Kasoro za dukani ni mbili. Kwanza, siyo kila duka lenye rangi za kampuni ni la kampuni. Mengine ni ya mawakala wakubwa, wanauza simu na kusajili laini, na hawana mamlaka ya kurudisha pesa. Uliza mlangoni. Pili, laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo mchanganuo anapewa mwenye usajili. Na hapa Tanga, kama kwingineko, utakuta laini ya bibi imesajiliwa kwa jina la mjukuu aliyeko Dodoma, laini ya mke kwa jina la mume. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama laini siyo ya jina lako, usipoteze nauli. Mwenye jina ndiye aende.

Kuandika

Hii ndiyo njia ninayomshauri mtu yeyote ambaye pesa iliyoliwa inamuuma kweli. Barua ya mkono inayopokelewa kwa muhuri na nakala ukabaki nayo, au imeili kwa anwani rasmi ya malalamiko ya kampuni. Inachosha kuliko simu, na majibu hayaji kesho. Lakini ndiyo njia pekee inayozilisha nyingine zote: ukienda TCRA, ukienda mahakamani, ukienda popote, utaulizwa "uliwaandikia lini, wakasemaje?"

Isiwe ndefu, na matusi hayaongezi hata senti. Kitu kama hiki kinatosha:

*Mimi ni mmiliki wa laini namba (…). Tarehe (…), saa (…), nilipiga huduma kwa wateja kuuliza bei ya data nchini Kenya, nikaambiwa ni shilingi (…) kwa MB. Kati ya tarehe (…) na (…) nimekatwa jumla ya shilingi (…), ambayo ni sawa na shilingi (…) kwa MB. Sipingi matumizi, napinga bei. Naomba mrejee rekodi ya mazungumzo hayo, mnipe mchanganuo kamili wa matumizi yangu ya siku hizo, na mnirudishie tofauti ya shilingi (…). Naomba pia namba ya malalamiko haya na jibu la maandishi.*

Sehemu ya rekodi ndiyo yenye meno. Wenyewe hukutangazia mwanzoni mwa simu kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Sawa, basi yasikilizwe. Lakini rekodi hazikai milele, kwa hiyo barua iende mapema, siyo baada ya Idi mbili. Saa uliyopiga utaipata kwenye orodha ya simu ulizopiga. Ipige picha ya skrini kabla haijafutika. Picha za skrini na meseji si mapambo: tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ushahidi wa namna hiyo unapokelewa hata mahakamani. Na wakisita kukupa mchanganuo, wakumbushe kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kupata taarifa zako wewe mwenyewe.

Jibu la kwanza huwa ni lile lile: bei zetu ziko kwenye tovuti, vigezo na masharti kuzingatiwa. Usikate tamaa hapo. Mhudumu ni mdomo wa kampuni, na kwa Sheria yetu ya Mikataba, kumwingiza mtu kwenye makubaliano kwa maelezo yasiyo sahihi kuna athari hata kama aliyesema hakukusudia kudanganya. Wajibu kwa sentensi moja: niliuliza, mkanijibu, nikatumia kwa kutegemea jibu lenu.

Lipa kwanza na lipa baadaye si kesi moja

Wengi wetu ni wa vocha. Hasara ya mtu wa vocha ina mwisho, haiwezi kuzidi alichoweka, lakini pesa imeshaondoka na yeye ndiye anayeifukuzia. Mwenye laini ya ankara ya mwisho wa mwezi yuko upande wa pili wa kamba: deni linaweza kupanda bila yeye kuona, lakini pesa bado iko mfukoni mwake. Huyu asigome kulipa ankara nzima. Alipe sehemu isiyo na ubishi, aandike wazi kwamba kiasi fulani anakipinga na kwa nini, aombe laini isikatwe wakati shauri likiendelea. Akigoma yote, ugomvi unageuka kuwa wa mdaiwa sugu na hoja ya bei inazama.

Pia awe na subira kidogo. Kumbukumbu za matumizi ya nje hutumwa na mtandao wa huko kwenda kwa kampuni ya nyumbani, na kwa laini za ankara zinaweza kuingia siku kadhaa baada ya safari. Ukidai kabla hazijamalizika kuingia, utadai nusu.

Mitandao ya kijamii

Kuandika hadharani kwenye ukurasa wa kampuni kunaamsha watu haraka kuliko barua, hilo halina ubishi. Nimeona mtu akijibiwa ndani ya muda wa chai. Lakini mara nyingi jibu ni "tutumie namba yako tukuhudumie", na huko faragha unarudi kwenye foleni ile ile. Hatari yake ni matapeli: wanavizia malalamiko hayo, wanafungua kurasa zenye nembo ya kampuni, wanakupigia wakijiita huduma kwa wateja na kukuomba namba ya siri ili "wakurudishie pesa". Hakuna kurudishiwa pesa kunakohitaji namba ya siri. Namba za hao zitumwe kwa meseji kwenda 15040. Mimi nauona mtandao kama kichocheo cha barua iliyokwisha kupokelewa: weka namba ya malalamiko tu, bila namba ya simu wala kitambulisho.

TCRA, na wengine

Mamlaka ya Mawasiliano haianzi na wewe. Inataka uwe umeshalalamika kwa kampuni kwanza. Kampuni ina siku 30 za kulishughulikia lalamiko. Zikipita bila jibu, au jibu lisikuridhishe, ndipo unapeleka TCRA: barua yako, jibu lao kama lipo, namba ya malalamiko, mchanganuo, picha za skrini. Hakuna ada. Siyo haraka, na mwenye mkoba mtupu wa karatasi atarudishwa. Lakini ukifika na karatasi zilizopangika, hata kabla ya uamuzi, kampuni iliyokuwa haikuoni huanza kukupigia yenyewe. Hapo ndipo wengi wanapomaliza.

Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, TCRA-CCC, lililoundwa kusemea watumiaji. Si hakimu, lakini kwa mtu asiyejua aanzie wapi linamwelekeza. Asiyeridhika na uamuzi wa TCRA ana Baraza la Ushindani kwa rufaa. Mahakama ipo, ila kwa elfu hamsini ya data nauli na siku za kazi zitakula zaidi ya unachodai. Hiyo waachie wenye makampuni na ankara za mamilioni.

Wakikubali, ukubali nini?

Hapa watu huchezewa. Kampuni hupenda kutoa bando: "tumekuwekea GB kadhaa kama pole". Bando lina muda wa kuisha, na likiingia, lalamiko lako hufungwa kwenye mfumo. Kama uliliwa salio, dai salio. Kama kiasi ni kikubwa, omba kiingie kwenye akaunti yako ya pesa ya simu, ukitoe ukanunue unga. Bando lichukue tu pale pesa iliyoliwa ni ndogo na hutaki kwenda na kurudi. Huo nao ni uamuzi wa mtu mzima.

Kwa hiyo, ukinijia kibandani, nitakuuliza mambo mawili: umekatwa kiasi gani, na una maandishi ya bei uliyotajiwa? Kama ni pesa ya nauli ya daladala, piga simu mara moja, pokea watakachokupa, endelea na maisha. Kama ni pesa ya kueleweka na una meseji ya bei, andika leo na usihangaike na simu. Kama ni pesa ya kueleweka na huna maandishi, dukani kwanza kuchukua mchanganuo, kisha barua yenye saa na tarehe ya simu uliyopiga, ukiisisitiza rekodi. Na kama unakwenda Mombasa kila mwezi kwa biashara, nunua laini ya kule, isajili kwa pasi yako, laini ya nyumbani ibaki ya meseji za pesa, data yake ikiwa imezimwa.

Wakazi wa kule Jasini, Moa na vitongoji vya mpakani mwa Mkinga wana kesi yao peke yao. Wao hawavuki, ila simu inanusa mnara wa Kenya ikiwa sebuleni na kuuhamia. Hapo hakuna bei aliyotajiwa mtu, kwa hiyo barua niliyoiandika juu haiwafai ilivyo. Hoja yao ni nyingine: sikuwa nje ya nchi wala sikuomba rominga, na mchanganuo uoneshe kwamba kabla na baada ya makato hayo simu ilikuwa kwenye mnara wa Tanzania. Kisha waingie kwenye mipangilio ya simu, wazime data ya rominga, na kwenye uchaguzi wa mtandao waondoe "otomatiki" na kuuchagua wa kwao kwa mkono. Mnara wa nyumbani ukizima, simu itakaa bila mtandao mpaka urudi, na hilo ni la kuvumilia.